GANDA TUPU SI TUPU
Mazungumzo na wawindaji na watu wa nyumba zao

Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo, mbele ya wanafunzi wangu wa shule ya wauguzi na wawindaji wachache waliokuja pamoja na wake zao. Walipotoka, baba mmoja aliniambia: «Mama, haya maneno uyaandike, sababu sisi tutasahau, lakini karatasi haisahau.» Basi nimeyaandika. Uyasome pole pole, tena uyasome pamoja na mke wako, sababu nusu ya maneno haya ni ya kwake.

Jina moja, vitu viwili

Katika lugha yetu neno «risasi» liko na maana mbili. Ni kile kitu kinachotoka katika bunduki, tena ni ile madini nyeusi na nzito iliyo ndani ya batri ya gari. Wazee walitumia jina moja kwa sababu kimoja kilitengenezwa na kingine. Mimi naona hekima katika jina hilo, maana zote mbili zinaua. Moja inaua kwa kelele, na kila mtu anakimbia. Ingine inaua kimya kimya, na hakuna anayekimbia.

Tusichanganyikiwe, hapa nitasema «lisasi» na «masasi» kwa vitu vya bunduki, na «risasi» kwa ile madini yenye sumu. Na «ganda» ni kile kikopo cha shaba ya manjano kinachobaki lisasi likiisha kupigwa. Watu wengi husema ganda tupu halina kitu. Leo nataka kukuonyesha kwamba ganda tupu si tupu.

Yale niliyoyaona katika jamaa yetu

Sitasema habari za jirani. Nitasema za kwetu.

Kaka yangu mkubwa ni mwindaji. Iko na bunduki yenye karatasi ya serikali, na masasi yake ni ya bei kali. Fundi mmoja alimfundisha kuokota maganda yake mwenyewe, kuyasafisha, kuyanyoosha na kuyajaza tena. Alinunua mashini ndogo ya mkono, akaifunga kwa meza. Na meza ile ilikuwa wapi? Ilikuwa katika baraza, karibu na mlango wa jiko, pale mtoto wake wa miaka mitatu alipochezea. Maganda yaling'aa kama dhahabu. Mtoto aliyapanga kama askari, aliyapuliza kama filimbi. Kaka alifurahi kumwona, na mimi pia nilicheka.

Kisha mtoto akaanza kulia tumbo. Akakosa choo siku nne, siku tano. Akawa mweupe machoni, akakataa kula. Mke wa kaka akamleta kwangu: «Shangazi yake, umwangalie, huyu hachezi tena.» Nikampa dawa ya minyoo. Baada ya juma mbili akarudi, nikampa tena. Mara ya tatu nikamtibu malaria. Mimi ni mwalimu wa wauguzi. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba muguzi aulize kwanza ndipo atoe dawa. Lakini sikuuliza swali moja lililotakiwa: «Nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?» Tena nililijua jibu, sababu niliketi kwenye baraza ile ile kila Jumapili.

Daktari mgeni ndiye aliyeuliza. Damu ya mtoto ikapelekwa mbali kupimwa, na jibu likarudi: risasi nyingi katika damu. Mtoto hakufa, tunashukuru. Lakini maneno aliyokuwa ameanza kuyasema yalichelewa kurudi, na hata leo kusoma kunamsumbua kuliko ndugu zake. Hiyo ndiyo sababu nasema habari hii bila haya.

Sumu inatoka wapi?

Ndani ya kitako cha ganda kuna kikombe kidogo sana, tunakiita fataki. Pini ya bunduki ikikipiga, kinawaka na kuchoma baruti. Zamani fataki ilitengenezwa kwa zebaki. Fataki nyingi za siku hizi zinatengenezwa kwa chumvi ya risasi, pamoja na bari na antimoni. Ziko fataki zisizo na risasi, lakini ni chache. Fataki ikilipuka, risasi ile haipotei. Inageuka moshi na vumbi nyepesi. Sehemu inatoka na moshi, sehemu inabaki ndani ya ganda na katika kile kitundu cha fataki, kama masizi katika bomba la jiko.

Tena, kama kitako cha lisasi lenyewe ni risasi wazi, moto wa baruti unaila kidogo, na hiyo nayo inaongeza vumbi.

Vumbi hilo halina harufu. Mkono ukiligusa haukuwashi. Unakula bugali na mkono ule, unavuta sigara na mkono ule, unambeba mtoto na mkono ule. Mtoto analamba vidole vyake, na sumu inaingia. Kwa risasi anayoimeza, mwili wa mtoto mdogo unanyonya mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Na mtoto aliyepungukiwa chuma katika damu, ama anayekula vibaya, ananyonya zaidi.

Usifikiri haya ni maneno ya vitabu tu. Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watu walipasua batri za zamani katika viwanja vya nyumba zao. Tangu Novemba 2007 hata Machi 2008 watoto 18 walikufa. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi ndani. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walitafuta chakula cha watoto. Kosa lilikuwa kuleta vumbi la kazi pale mtoto anapotambaa.

Kazi ya ganda, hatua kwa hatua

Sikufundishi hapa kujaza baruti. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye ruhusa ya serikali, mwenye kitabu cha vipimo na fundi wa kumwongoza. Asiye na ruhusa asiguse. Lakini kwa yule mwenye ruhusa, nafuata kazi ya kutayarisha ganda, nikuonyeshe kila hatua iko na hatari gani.

1. Kuchagua. Ushike tu maganda yaliyotoka katika bunduki yako mwenyewe. Maganda yaliyosambaa barabarani baada ya vita uyaache. Katikati ya matupu pengine liko moja zima, nalo linaweza kukata vidole. Maganda mengi ya bunduki za askari ni ya chuma, hayafai kutumiwa mara ya pili. Mengi yana matundu mawili madogo ndani ya kitako badala ya moja la katikati, na pini ya mashini haiwezi kuyatoa fataki. Na kuwa nayo nyumbani kunaweza kukuletea matata na serikali.

2. Kutoa fataki ya zamani. Pini ya mashini inaisukuma nje, inaanguka pamoja na majivu meusi. Hapa ndipo vumbi la kwanza linapotoka, na ndilo kali sana. Fataki zianguke ndani ya kopo lenye maji kidogo, si chini kwa udongo. Usipulize kitundu kwa mdomo. Kaka yangu alifanya hivyo kila mara, fuu, fuu, na moshi ule mweusi ukarudi usoni pake. Na kama fataki haijalipuka bado, usiisukume kwa nguvu wala usiigonge. Inaweza kulipuka na kupeleka kipande cha shaba jichoni.

3. Kusafisha. Katika nchi za wazungu watu hutia maganda ndani ya pipa dogo linalozunguka, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi yanasugua shaba mpaka inang'aa. Lakini risasi yote inahamia katika magunzi yale, na kila ukimwaga na kuchunga, wingu la vumbi linapanda. Kwetu hatari ni mara mbili, sababu kwetu gunzi ni kuni. Mama akiokota magunzi yale na kuwasha moto wa sombe, anapika sumu ndani ya moshi. Tena kuku wakichokora pale, nao wanakula.

Ni afadhali kuosha na maji. Maji yanashika vumbi. Utie maji ya moto kidogo, sabuni, na maji ya ndimu kidogo, utikise, kisha usuuze mara mbili. Usiache ganda ndani ya asidi usiku kucha. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, kwa maganda ni karibu sehemu 70 kwa 30. Asidi ikikaa sana inatoa zinki, ganda linageuka jekundu na kuwa dhaifu. Ganda kama hilo ulitupe.

Tena usioshe na kitu chenye amonia. Wakati Waingereza walipotawala India, masasi yaliwekwa karibu na mazizi ya farasi majira ya mvua, na maganda yalipasuka yenyewe bila kuguswa. Watu walistaajabu. Baadaye ilijulikana kwamba amonia ya mkojo wa farasi ndiyo iliyoyapasua.

Beseni ya kazi hii iwe ya kazi hii peke yake. Uipake rangi nyekundu ili hata mgeni ajue. Maji machafu yasimwagwe katika bustani ya mboga, wala karibu na kisima au mto. Uyaache yatulie, masimbi yabaki chini, uyaweke masimbi katika kopo lenye kifuniko, mbali na watu. Usikaushe maganda katika sufuria ya jiko. Jua latosha.

4. Kuangalia. Sasa ganda ni safi, uliangalie vizuri kwenye mwanga. Shingo yenye ufa, tupa. Alama nyembamba inayong'aa kama pete, karibu na kitako, ni dalili kwamba shaba imekuwa nyembamba pale ndani. Uchukue waya mwembamba uliopindwa ncha, upitishe ndani ukivuta pole pole. Ukisikia kama mfereji, ganda lile linataka kukatika. Kitundu kilicholegea mpaka fataki haishiki, tupa pia.

Kwa nini ukali huu? Ndani ya gurudumu la gari hewa inasukuma karibu mara mbili kuliko hewa ya kawaida. Ndani ya bunduki kubwa ya kuwinda, kwa kipindi kidogo kuliko kupepesa jicho, moshi unasukuma zaidi ya mara elfu tatu. Kati ya moshi ule na uso wako kuna ganda. Likikatika, moshi unarudi nyuma, kwenye macho. Afadhali kupoteza ganda moja kuliko kupoteza jicho moja.

5. Kunyoosha na kukata. Ganda likipigwa linapanuka. Mashini inalirudisha umbo lake, na unalipaka mafuta kidogo kwanza lisikwame. Mafuta yafutwe kazi ikiisha. Tena kila likipigwa linarefuka kidogo, sababu shaba inasogea mbele. Kwa hiyo ulipime. Bunduki iitwayo 7 x 57 imepata jina lake hivi: 7 ni upana wa lisasi, na 57 ni urefu wa ganda kwa milimita. Lile liitwalo .30-06 lisipite milimita 63.35. Likipita, shingo inabana lisasi, na nguvu ndani ya bunduki inapanda kupita kiasi. Ukikata, shaba inaruka vipande vidogo kama sindano. Vaa miwani. Wala usikusanye vipande vile kwa kiganja, wala usifagie na ufagio mkavu. Pangusa na kitambaa kibichi.

6. Kulainisha shingo kwa moto. Mafundi wengine huchoma shingo ya ganda kidogo ili isipasuke upesi. Moto usifike kitakoni, sababu kitako kikilainika hakitashika tena. Kabla ya kuweka kitu chochote motoni, ufanye hivi: ulitazame ganda moja moja, uone mwanga kupitia kitundu. Moto huu usiwe ule wa jiko.

Sheria za nyumba

Baba, hizi ndizo ninazokuomba. Mama, wewe uziangalie.

Kazi ifanyike nje ya nyumba ya kulala na mbali na jiko, pale upepo unapopita. Mtoto asikaribie, na mama mwenye mimba asiguse wala asifue nguo za kazi hiyo. Risasi iliyokwisha kuingia inakaa katika mifupa miaka mingi. Mama akibeba mimba, mifupa inatoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo, inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

Usile, usinywe, usivute sigara mezani pa kazi. Ukimaliza, unawe kwa sabuni na maji mengi, usugue na kucha, ndipo ushike chakula au mtoto. Shati ya kazi ivuliwe pale pale, ifuliwe peke yake na wewe mwenyewe. Meza ipanguswe na kitambaa kibichi. Maganda, fataki na baruti vifungwe katika sanduku lenye kufuli, kila kimoja mbali na kingine, na ufunguo ukae kwako. Ganda lisiwe kitu cha kuchezea, wala filimbi, wala kijiko cha kupimia dawa. Nimekiona hicho kijiko kwa macho yangu.

Chakula nacho kinasaidia. Mtoto mwenye kula ndagala, maharagwe na majani ya mboga anapata chuma na kalisi, na mwili wake unanyonya risasi kidogo zaidi. Lakini chakula hakiondoi vumbi. Vumbi linaondolewa na maji, sabuni na akili.

Dalili

Kwa mtoto: tumbo kuuma bila sababu, choo kigumu, kukosa hamu, weupe wa macho, hasira, usingizi wa ovyo, kusahau maneno aliyokwisha kujua. Mwisho kabisa ni degedege na kuzimia. Kwa mtu mzima: tumbo, kichwa, viungo kuuma, kuchoka, damu kupungua, mkono kulegea kwenye kiwiko cha kiganja asiweze kuuinua. Wengine wanapata mstari mweusi wa buluu katika ufizi.

Lakini ujue hili: watoto wengi wenye risasi katika damu hawaonyeshi dalili yoyote, na akili yao inapungua hivyo hivyo. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari. Mwaka 2021 lilishauri kwamba mtu akiwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, sumu itafutwe inatoka wapi na iondolewe. Mtoto akifikia 45, apewe dawa ya kuitoa. Dawa hizo ni za hospitali, tena hazina faida kama mtoto anarudishwa penye vumbi lile lile. Dawa ya kwanza ni kuhamisha meza.

Ukienda kwa muguzi, usingoje akuulize. Umwambie: «Nyumbani kwetu tunasafisha maganda ya bunduki.» Maneno hayo machache yangaliokoa miezi mitatu kwa mtoto wa kaka yangu.

Na kama shaba imeruka jichoni? Usiivute. Usisugue. Usitie dawa ya mti wala maziwa. Funika jicho kwa kikombe kisafi kisichogusa jicho lenyewe, ufunge na kitambaa, uende hospitali siku ile ile. Shaba ikibaki ndani ya jicho inaliharibu.

Meza ya kaka

Mutaniuliza: kaka yako aliacha? Hapana, hakuacha, wala sikumwambia aache, sababu anawinda kwa sheria na nyama yake inalisha watu wengi. Alijenga kibanda nyuma ya nyumba, chenye mlango na kufuli. Iko na beseni nyekundu, iko na miwani, iko na shati ya kazi juu ya msumari. Kila jioni anatoka kule, ananawa kwa ndoo iliyo mlangoni, na mtoto wake anamngoja ng'ambo ya kamba tuliyoifunga kati ya miti miwili. Mtoto anajua kamba ile. Haivuki.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Meza ya kazi ya baba iko wapi, na mtoto anachezea wapi?
2. Kuna ganda lolote ndani ya nyumba sasa hivi? Ulitafute leo.
3. Nani anafua nguo za kazi?
4. Maji machafu yanamwagwa wapi?
5. Mtoto akilia tumbo juma mbili, tutamwambia muguzi nini kwanza?